Tanzia ya Daraja

Siku Bibi Velichka aliporudi kutoka semina mjini Sofia, Bulgaria, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvua viatu, na cha pili ni kumwambia shoga yake Dobra kwamba sasa wameimarishwa.

"Nani katuimarisha?" Dobra akauliza.

"Asasi zote za kiraia zinazopambana na ufisadi zimeimarishwa. Na sisi tumo. Begi hili hapa."

Begi lilikuwa la kitambaa, limejaa maneno makali dhidi ya ufisadi mbele na nyuma. Dobra akalipindua juu chini, akalikung'uta. Vikaanguka kalamu, chupa ya maji na vikaratasi vya rangi vyenye gundi mgongoni.

"Hela hamna?"

"Hela hamna. Kuna mkakati."

"Haya, na tule mkakati," Dobra akasema, akaenda jikoni kuteleka kahawa.

Chama chao kiliitwa Chama cha Ng'ambo, na tusidanganyane, kilikuwa kikundi cha wajane wa mji wa Vrabchovo pamoja na Mzee Zapryan, kiziwi, ambaye hakufiwa na mtu yeyote bali alifuata kahawa. Shida yao ilikuwa moja. Makaburi ya Vrabchovo yako ng'ambo ya Mto Yasenka, na daraja hakuna. Lile la zamani lilichukuliwa na mafuriko. Jipya lilijengwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya, likapimwa, likapokelewa, likafunguliwa kwa bendi ya tarumbeta, na Meya Krastyo Banchev akatoa machozi jukwaani. Kilichokosekana ni daraja lenyewe. Utepe ulifungwa kwenye mierebi miwili ukingoni, ukakatwa, watu wakaambiwa vyuma vinakuja wiki ijayo, kisha wakagawiwa nyama ya kuchoma na bia. Nani angeuliza daraja liko wapi na mdomo umejaa nyama? Bango la bluu lenye nyota lipo hadi leo, kubwa, linang'aa, linaeleza daraja hilo linabeba tani ngapi.

Miezi michache baada ya sherehe hiyo, Metodi, mume wa Velichka, akafariki. Walimzungusha kwa barabara ya milimani mpaka makaburini, wakamzika, wakarudi. Barabara hiyo haina basi, na teksi ya kuizunguka inakula pensheni yote. Kwa hiyo kiangazi Velichka alipandisha sketi na kuvuka mto kwa miguu. Msimu wa baridi, maji yakijaa, alisimama chini ya lile bango na kuzungumza na mumewe kwa kupiga kelele, kwamba bomba limeganda, kwamba paka kazaa, kwamba binti yao kapiga simu kutoka Uhispania. Wapita njia walimsikia wakageuza nyuso. Magoti yake yalikuwa yanakwisha na alijua. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: kwenda kwa Metodi kwa miguu yake mwenyewe, mikavu, siku ya kutimiza mwaka, ampelekee ngano yake ya kuchemsha na ammiminie mvinyo wake kama mke mwenye adabu.

Malalamiko walishapeleka, tena na tena, kwa mwendesha mashtaka wa wilaya, Bwana Hadzhov. Kila mara alijibu kwa upole kwamba kwa mujibu wa nyaraka daraja lipo. Mara ya mwisho aliambatisha na ramani ya simu, kwa sababu Krastyo alikuwa amehangaika mpaka daraja likaingizwa humo, mstari mnene mweupe juu ya maji. Na mnataka ajibu nini? Hadzhov ndiye aliyesimamia ndoa ya Krastyo, na kwetu msimamizi wa ndoa anamzidi hata ndugu wa tumbo moja. Humfungi mtu uliyemshikia taji la ndoa kanisani.

"Sasa huo mkakati ni upi?" Dobra akauliza, kahawa imeshamiminwa.

"Kuna binti alitufundisha, mwembamba, masikini, sijui kama anakula. Akasema kila jamii ina nyenzo zake. Tusiige za wengine, tutumie za kwetu. Njia nzima kwenye basi nimejiuliza, sisi Vrabchovo tuna nyenzo gani?"

"Hatuna kitu."

"Tuna gundi."

Dobra akamtazama kama mtu anayekagua maziwa yaliyolala nje. Velichka akanyoosha kidole dirishani. Nje, kwenye nguzo ya umeme, kwenye kituo cha basi, kwenye mlango wa duka la mikate, zilibandikwa tanzia, kama zilivyobandikwa siku zote: picha ya marehemu, fremu nyeusi, maneno ya majonzi. Kwetu mtu akifa anabandikwa. Anabandikwa tena arobaini ikifika, na nusu mwaka, na mwaka, na miaka mitano, hadi wengine wanakaa ukutani muda mrefu kuliko walivyokaa kazini. Na hakuna mkono unaobandua tanzia. Jua na mvua ndio wenye ruhusa. Atakayeichana anaiita tanzia ya nyumbani kwake, na hilo halibishaniwi hata na walimu wa fizikia.

"Tuandike tanzia," Velichka akasema.

"Kwani nani kafa?"

"Daraja."

Asubuhi iliyofuata mji mzima ulisimama mbele ya kuta. Picha ilikuwa ya mto mtupu, na chini yake waliandika: "Kwa huzuni kubwa tunawatangazia kutimia mwaka mmoja tangu atutoke mpendwa wetu DARAJA LA YASENKA, aliyefariki kabla hajazaliwa. Ameacha bango, utepe na meya. Ibada itafanyika ukingoni pindi mwili utakapopatikana. Wafiwa: Chama cha Ng'ambo." Watu walisoma, wakavua kofia kwa mazoea, kisha wakaelewa, wakavaa kofia na kucheka mpaka wakashika nguzo.

Krastyo hakucheka. Alimwita Gancho, mfanyakazi wa usafi wa manispaa.

"Gancho, kabandue yale makaratasi."

"Yapi, Mheshimiwa?"

"Ya daraja."

"Ile ni tanzia, Mheshimiwa."

"Tanzia kitu gani! Daraja linakufaje?"

"Ina fremu nyeusi," Gancho akasema, akarudi nyuma hatua. "Mimi nina watoto."

"Ni amri!"

"Niamuru nikafagie mto, nitafagia. Tanzia sibandui, hata unifukuze."

Basi Krastyo akachukua kisu cha kukwangulia rangi, akangoja saa ya chakula cha mchana watu wote wamekaa mezani na supu, akatoka kwa kunyata na kuanza na kituo cha basi. Alikuwa na haraka, na gundi ya wajane ilikuwa ya unga wa ngano iliyopikwa vizuri. Alipovuta daraja, likaja pamoja na tanzia iliyokuwa chini yake, na ndani ya kiganja chake akajikuta ameshika nusu ya uso wa marehemu Stoil, muuza mikate, Mungu amrehemu, aliyewalisha wote hao wakiwa watoto.

"Yelewiii!" Ilikuwa sauti ya Dobra kutoka dirishani. "Njooni muone! Meya anawachana wafu!"

Madirisha yakafunguka, vijiko mikononi. Krastyo alijaribu kueleza kwamba alikuwa analenga daraja, lakini ni vigumu kujieleza ukiwa umeshika sikio la mtu. Nyumbani mkewe, Snezhana, alimpokea kwa kujipiga ishara ya msalaba. "Umekiita kifo ndani ya nyumba hii," akamwambia. "Umekiita kwa mkono wako." Na wiki hiyohiyo mama yake Snezhana, Bibi Nedyalka, kikongwe aliyeanza kuaga watu tangu Snezhana hajaolewa, kweli akafariki. Daktari alisema ni uzee. Vrabchovo haikumuuliza daktari.

Krastyo akaandika tanzia ya mama mkwe, akaitolea nakala nyingi, na kwa kuwa kuta zilikuwa zimejaa, Gancho akazibandika pale palipobaki nafasi, yaani ubavuni kwa marehemu daraja, mji mzima.

Gari la maiti la Vrabchovo lilikuwa gereji, kama kawaida yake, kwa hiyo meya akakodi moja kutoka makao makuu ya wilaya, jeusi, refu, na dereva wake mgeni, mwenye glavu nyeupe na adabu nyingi. Mazishi yakawa makubwa. Hata Hadzhov alikuja, amevaa viatu vya kung'aa, maana msimamizi wa ndoa hakosi msiba wa nyumba ile. Velichka naye akaja na sufuria yake ya ngano, kwa sababu Bibi Nedyalka alikuwa mtu mwema na hakumchagua mkwe wake.

Utaratibu wetu unajulikana. Gari linatangulia taratibu, watu wanafuata kwa miguu mpaka mwisho wa mji, ndipo wenye magari wanapopanda. Hakuna anayemtangulia marehemu. Na marehemu akishatoka nyumbani hageuzwi. Anakwenda mbele tu, kwa sababu akirudishwa nyuma atakuwa amerudi kumchukua mwenzake.

Penye mierebi, badala ya kukata kushoto kufuata barabara ya milimani, gari la maiti likawasha taa ya kulia.

"Sivyo," Krastyo akanong'ona. "Sivyo, sivyo!" Akanyanyua mkono, akapunga.

"Shusha mkono," Snezhana akamwambia kupitia machozi. "Unampungia nani msibani?"

Kukimbia mbele ya gari hakuweza, kumtangulia mama mkwe mbele ya mji mzima! Akapiga simu kwa dereva. Lakini simu ya dereva ilikuwa inatumika kwa kazi muhimu zaidi. Gari likateremka polepole, likapita chini ya bango la bluu, likasimama tairi za mbele zikigusa nyasi za ukingoni. Dereva akashuka, akatazama mto, akatazama simu, akatazama mto tena. Mlango ulikuwa wazi, na kila mtu akamsikia yule mwanamke wa kwenye ramani akisema kwa sauti laini: "Endelea mbele. Vuka daraja."

Walio nyuma wakasimama kwa ncha za vidole.

"Vuka daraja," akarudia yule mwanamke.

"Mzime huyo!" Krastyo akasema, meno yamekazana.

"Samahanini, wafiwa," dereva akasema, "daraja liko wapi? Hapa naliona." Akainua simu watu wote walione.

"Tumeshafika?" Mzee Zapryan akapiga ukelele kutoka nyuma.

Watu wakageuka kumtazama Hadzhov. Hadzhov akayatazama maji kwa umakini mkubwa, kama vile alikuwa ameelekezwa kwamba daraja liko chini yake.

"Krastyo," Snezhana akasema, na safari hii hakuwa analia. "Mama yangu anapita wapi?"

"Tugeuze gari, mpenzi. Tuzunguke milimani, dakika chache tu."

Umati mzima ukaguna. Snezhana akamgeukia kasisi, Padri Onufri, aliyekuwa anapapasa ndevu zake na kutamani kuwa parokia nyingine. "Padri, marehemu anageuzwa?"

"Kanisa halina mafundisho kuhusu jambo hilo," padri akasema. "Ila mimi wa kwangu nisingemgeuza."

"Umesikia? Mama hageuzwi. Vua viatu ubebe. Ndugu wa damu habebi jeneza, lakini wewe si damu yake, unaruhusiwa. Na wewe, msimamizi wetu," akamwambia Hadzhov, "keki zake umekula kila Pasaka. Shika upande ule."

Ndivyo ilivyokuwa, na kila aliyekuwepo anaapa. Meya, mwendesha mashtaka, Gancho na yule dereva mwenye glavu wakakunja suruali, wakamweka Bibi Nedyalka mabegani, wakaingia mtoni. Hadzhov alikataa kuvua viatu kwa sababu ya heshima yake. Maji yakawafika magotini, yakapanda mapajani, yakawapokonya pumzi, kwa maana Yasenka hushuka kutoka kwenye theluji na haijui Juni ni nini. Mawe yalikuwa yanateleza. Katikati ya mto Hadzhov akayumba, jeneza likainama, wanawake wakapiga yowe.

Velichka alijua vizuri kwamba msibani hakuna masihara. Aliuma mtandio wake. Lakini alikuwa amenyamazishwa kwa barua nyingi mno, na ulimi ukamponyoka.

"Shika ukingo wa daraja, Bwana Hadzhov! Shika ukingo!"

Mji ukapasuka. Walicheka wakilia, walicheka wamejifunika vitambaa, Padri Onufri akacheka ndani ya kitabu cha sala, na simu zikainuliwa juu kila kona. Kiatu kimoja cha Hadzhov kilimwacha hapo hapo, kikaondoka zake kuelekea Mto Danube.

Walipofika ng'ambo na kulitua jeneza, Hadzhov akakaa juu ya jiwe kukamua soksi. Alipoinua macho akamwona Velichka yumo mtoni, sketi juu, sufuria ya ngano kifuani, anaweka kila mguu pale pale alipopajua. Hakuna aliyecheka tena.

"Mama," Hadzhov akamwuliza alipotoka majini, "kwani wewe huvuka hivi siku zote?"

"Maji yakiwa kama leo, navuka. Yakijaa nasimama kwenye bango nampigia kelele."

"Nani?"

"Mume wangu. Yule pale, kaburi la tatu kutoka kwenye mti."

Hadzhov akaiangalia soksi yake. "Nitalitazama suala hili."

"Umeshalitazama, mwanangu," Velichka akasema. "Limekufika mapajani."

Alisema hivyo, lakini hakuwa na matumaini. Soksi hukauka. Na kweli, siku zikapita na kimya kikatanda wilayani, mpaka jioni moja Chama cha Ng'ambo kikiwa kimekutana jikoni kwake mlango ukabishwa, na aliyeingia ni Snezhana, amevaa nguo nyeusi.

"Huyu si mke wa mwizi?" Mzee Zapryan akauliza, akidhani amenong'ona.

"Ndiye," Snezhana akasema, akavuta kiti. "Chama chenu kina kiingilio?"

"Hakuna," Velichka akajibu kwa tahadhari. "Kuna kahawa tu."

"Arobaini ya mama inakuja na sitaki kuiendea na sketi iliyolowa. Vyuma vya daraja lenu najua viliko. Viko juu ya bwawa letu la samaki, kwenye nyumba ya mlimani. Kila Jumapili navikanyaga nikienda kuchoma nyama. Hata Hadzhov amevikanyaga, akasifia uimara wake. Niandikieni, nitasaini."

Dobra akasahau kumeza. "Shoga, utamshtaki mumeo?"

"Mume nikimkosa nitapata mwingine. Mama ninaye mmoja, na yuko ng'ambo."

Barua hiyo Hadzhov hakuweza kuitupa. Ilikuwa na saini ya bibi harusi aliyemsimamia mwenyewe, na picha ya Hadzhov akiwa majini ilikuwa kwenye kila simu ya wilaya. Lakini msimwonee huruma, mtu yule ana akili. Aliona kwamba ameandika mara nyingi kuwa daraja lipo, na njia fupi ya kuwa mkweli ni daraja liwepo. Malori yakapanda mlimani, vyuma vikang'olewa bwawani, mafundi wakavifunga penye mierebi, na vikakaa sawasawa bila kukata hata kipande, kama vilivyopaswa. Safari hii hapakuwa na bendi wala nyama, na Krastyo alikuwa ameambiwa akae nyumbani kwanza mpaka shauri liishe.

Metodi alipotimiza mwaka, Velichka alivaa soksi mpya. Alipita juu ya maji polepole, akisimama kila mara kuyatazama, si kwa sababu ya magoti. Kaburini akagawa ngano, akamimina mvinyo, na wenzake walipotangulia akaketi peke yake na kulia, wala hakuona haya. Kisha akamweleza mumewe mambo yote ya mwaka mzima kwa sauti ya chini kabisa. Hakukuwa tena na haja ya kupiga kelele.

Aliporudi, Dobra alikuwa anamngojea katikati ya daraja na bahasha mkononi.

"Hadzhov amejibu," akasema. "Nikusomee? Daraja lipo, kama alivyosema tangu mwanzo. Hakuna kosa lililotendeka. Shauri limefungwa. Krastyo amerudi ofisini leo, na anaulizia bendi ya tarumbeta."

Velichka akashika ukingo. Chuma kilikuwa na joto la jua. Alichokitaka amekipata, kiko chini ya nyayo zake, na nyayo zake ni kavu. Angeweza kwenda nyumbani, akaweka miguu juu ya kigoda, akamsahau Krastyo na msimamizi wake. Alilifikiria jambo hilo kwa dhati, muda wa kutosha maji mengi kupita.

"Snezhana yuko wapi?" akauliza.

"Jikoni kwako. Anapika kabichi."

"Mwambie kabichi ingoje. Akoroge gundi."

"Yesu na Maria! Nani kafa tena?"

"Kesi," Velichka akasema. "Imetutoka bado changa. Na picha ya marehemu tunayo nzuri, ile ya Hadzhov na kiatu kimoja."